Mtuandikie na uwezekano wa mvua

Ndugu Mhariri,

Nilipokuwa na miaka tisa nilijificha chini ya meza kila radi ilipopiga, mpaka babu aliponifundisha kuhesabu. Ukiona umeme unamulika, anza: moja, mbili, tatu, mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja, kwa kuwa sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Siku hiyo nilifika kumi na mbili. Nikatoka chini ya meza, nikachukua daftari la hesabu na kuandika: kilomita nne.

Leo nasomea uzamili wa hali ya hewa, na utafiti wangu ni kuhusu mvua zilezile za radi. Katikati kuna hesabu nyingi ngumu, sitakuchosha nazo. Lakini siku niliyoachia puto la vipimo kwa mara ya kwanza siisahau. Kijisanduku chepesi kinaning'inia chini yake, kinapima joto, unyevu na mgandamizo wa hewa hadi kilomita 30 hivi juu, kisha puto linapasuka. Mikono ilinitetemeka.

Ombi langu: mnapochapa utabiri, andikeni pia uwezekano wake. "Mvua, asilimia 40" si ubabaishaji. Mwaka 1963 Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, alionyesha kuwa tofauti ndogo sana mwanzoni huweza kukua na kubadili hali nzima ya hewa. Ndiyo maana kompyuta hurudia hesabu mara nyingi, kila mara zikianza na vipimo tofauti kidogo, nasi tunatazama ni ngapi zimeleta mvua. Msomaji akiipata namba hiyo, ataamua mwenyewe kama aanike nguo au asubiri.

Mwanafunzi wa hali ya hewa