Zawadi za Krismasi kati ya mume na mke zipangwe kabla ya mgao wa kikundi

Mhariri,

Kila Desemba magazeti huandika bei ya kuku, nauli za mabasi na msongamano wa barabara ya Jinja. Hayo yana haki ya kuandikwa. Lakini kuna jambo jingine linalovuruga nyumba nyingi wakati huohuo na halipati nafasi: namna mume na mke wanavyopeana zawadi za Krismasi. Mimi hushauri vikundi vya akiba na mikopo huku Busia, Uganda, na vitabu vya Januari huonyesha bila kificho ni nyumba zipi zilizungumza mapema na zipi zilinyamaza mpaka tarehe 24. Naomba nafasi nieleze.

Nianze na pesa, maana huko ndiko ugomvi mwingi unakotoka. Vikundi vingi hufunga mwaka wao mwezi wa Desemba. Sanduku la kufuli tatu linafunguliwa, hisa zinahesabiwa, kila mwanachama anachukua chake. Huo ndio mgao. Siku hiyo mtu hushika pesa ambazo hajazishika kwa mkupuo mmoja tangu Januari, na sokoni bei zimekwisha kupanda. Mume anayetaka kumfurahisha mkewe ananunua kitu cha shilingi 200,000 papo kwa papo. Mke, ambaye alikuwa ameweka shilingi 30,000 kwa ajili ya shati, anaona aibu kuitoa zawadi yake. Januari karo ikidaiwa, ile zawadi kubwa ndiyo inayotajwa kwanza, tena kwa hasira. Mara nyingine ni mke aliyetumia zaidi na mume ndiye anayefedheheka. Aibu ni ileile.

Kwa hiyo mazungumzo yafanyike kabla ya mgao, pesa zikiwa bado sandukuni. Wakae wawili na karatasi, waandike kwa mpangilio huu: karo ya muhula wa kwanza, mbegu na mbolea za mvua ya Machi, nauli na chakula cha sikukuu, kisha zawadi za wazazi na watoto. Kitakachobaki ndicho cha wao wawili. Tuchukue mfano wa mgao wa shilingi 800,000. Karo na vifaa vya shule 450,000. Mbegu na mbolea 120,000. Nauli, chakula na zawadi za jamaa 150,000. Zinabaki 80,000, yaani 40,000 kwa kila mmoja. Kiwango hicho kinatosha viatu vya mitumba vilivyochaguliwa vizuri, au saa ya mkononi, au kitenge ambacho fundi atalipwa kwa pesa ya wiki inayofuata. Nyumba yenye kipato kikubwa itafika mbali zaidi, lakini mpangilio usigeuzwe: karo ikiwekwa mwisho haitabaki kitu cha kuilipa.

Kikomo kipimwe kwa uwezo wa yule mwenye kipato kidogo. Hili wanaume wengi hulipinga, wakisema mume hawezi kupangiwa zawadi ya mkewe. Simzuii mtu ukarimu. Akiwa na ziada, aiweke kwenye karo au kwenye bati za nyumba, mahali ambapo wote wawili wanafaidi. Zawadi yenyewe ibaki katika kiwango ambacho mwenzake anaweza kukijibu bila kukopa. Mke anayeuza nyanya na mume mwenye mshahara wanaweza kupeana vitu vya thamani moja na wote wakasimama wima.

Asiyetaka kugusa mgao anaweza kuanza Septemba. Shilingi 2,500 kwa wiki, wiki ya kwanza ya Septemba hadi katikati ya Desemba, ni wiki 16 na shilingi 40,000 kamili. Ziwekwe mbali na pesa za nyumba. Kwenye simu zitaonekana na zitatumika siku ya kwanza sukari ikiisha. Afadhali kopo lililofungwa, au kikundi kidogo cha marafiki kinachozungushiana.

Mkopo wa simu kwa ajili ya zawadi ni kosa, na sababu ni ya kalenda. Mikopo mingi ya aina hiyo hulipwa ndani ya siku 30. Uliochukuliwa tarehe 20 Desemba unadaiwa tarehe 19 Januari, wiki chache tu kabla ya shule kufunguliwa. Mwenye deni anakopa mwingine kulipa wa kwanza, na zawadi ya shilingi 60,000 inaendelea kulipiwa mpaka Pasaka.

Sasa kuhusu kitu chenyewe. Kifaa cha nyumba kisihesabiwe kuwa zawadi ya mke. Sufuria, mtungi wa gesi, mapazia, jembe, vyote vinahitajika na vinunuliwe, ila kwa pesa za nyumba. Sufuria inapikiwa chakula cha watu wote, na mke anaijua bei yake kwa sababu yeye ndiye angeinunua hata Julai. Vivyo hivyo mke asimpe mume tairi la pikipiki ya kazi akaiita zawadi ya Krismasi. Zawadi ni ile ambayo mwenyewe peke yake ataivaa au kuitumia, na akiamua kuigawa, hakuna atakayemuuliza.

Wengi husema, "Mimi sitaki kitu." Mwenzake akiamini, tarehe 25 inakuwa ndefu. Dawa yake ni rahisi: kila mmoja ataje vitu vitatu ndani ya kikomo, mwenzake achague kimoja bila kusema ni kipi. Mshangao unabaki, na hatari ya kupewa usichokihitaji inapungua. Kama ni vigumu kutajiana, wifi au shemeji anayeaminika anaweza kuulizwa, mradi aulizwe Oktoba. Akiulizwa Desemba, habari itafika nyumbani kabla ya zawadi.

Nguo ndiyo zawadi ya kawaida kwetu, na ndiyo inayoharibika mara nyingi zaidi. Kitenge huuzwa kipande kizima cha yadi 6 au nusu yake, yadi 3. Yadi 3 zinatosha gauni la kawaida la mtu wa wastani, ila mikono mirefu au sketi pana itazimaliza. Gomesi, lile vazi refu la heshima la wanawake wa Uganda, nayo inahitaji kitambaa cha yadi 6 hivi pamoja na kikoi cha ndani, lakini humvumilia mnunuzi kwa upande wa kiuno kwa sababu hufungwa mshipi. Vipimo vya kuangaliwa sana ni mabega na urefu, kwani gomesi fupi haina marekebisho. Kitambaa cha pamba kilowekwe na kukauka kabla ya kukatwa. Fundi mwenye haraka huruka hatua hii. Nguo inakaa vizuri siku ya Krismasi na inarudi ikifuliwa mara ya kwanza. Mwulizeni waziwazi kama ameloweka.

Vipimo visikisiwe kwa macho. Njia salama ni kumpelekea fundi nguo ya mwenzako inayomkaa vizuri, nguo anayoipenda lakini haivai kila wiki, na kuirudisha siku hiyohiyo. Fundi apelekewe kazi kabla ya katikati ya Novemba. Baada ya hapo sare za kwaya, nguo za harusi na za watoto humjaa, na ahadi ya "kesho" inafika tarehe 27. Malipo yagawanywe: nusu anapopokea kitambaa, nusu nguo inapovaliwa na kukubaliwa. Aliyelipwa zote mwanzo hushona kwanza ya yule ambaye bado anamdai.

Viatu vya mitumba vina namba za mifumo tofauti, 8 ya Uingereza na 42 ya Ulaya zikiwa zimechanganywa kwenye lundo moja, na kuna viatu ambavyo namba imekwisha kufutika. Tumieni kijiti. Chora unyayo wa mwenzako kwenye karatasi jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo baada ya kazi, kata kijiti cha urefu wa kisigino hadi kidole kirefu, ongeza sentimita moja. Sokoni, kijiti kiingie ndani ya kiatu bila kupinda. Kunja soli kwa mikono miwili: soli ya mpira iliyokaa ghalani muda mrefu hupasuka hapo kwenye mkunjo, na gundi ya pembeni huachia. Ni heri ipasuke mikononi mwa muuzaji.

Simu ndiyo zawadi inayolaghai wengi. Bonyeza *#06# na ulinganishe tarakimu 15 zitakazotokea na zile za kwenye boksi. Weka laini yako, piga, pokea, chaji kwa dakika kumi ukiangalia asilimia inapanda. Simu iliyotumika iwe imeondolewa akaunti ya mwenye nayo wa zamani, la sivyo itajifunga ikifutwa na kurudishwa katika hali ya kiwandani. Chukua risiti yenye tarehe na muda wa dhamana. Na kwa vifaa vya umeme vipya, pasi, taa au redio, tafuta alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, kabla ya kuuliza bei.

Laini ya simu ni jambo zito zaidi ya simu yenyewe. Mume humnunulia mkewe simu na kumwekea laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake mwenyewe, kwa nia njema kabisa. Simu ikipotea, mke hawezi kuirudisha laini wala kuifikia pesa iliyomo, kwa kuwa kwenye kumbukumbu za kampuni pesa hiyo si yake. Mpe simu, kisha nendeni pamoja akasajili laini kwa kitambulisho chake.

Mbuzi au kuku wa kufuga ni zawadi nzuri sana vijijini, na naisifu kuliko nguo kwa sababu inazaa. Sharti ni moja: isemwe mbele ya mtu wa tatu kwamba mbuzi huyu ni wa mama fulani, na watoto wake pia ni wake. Isiposemwa, mbuzi atauzwa Mei kwa dawa au karo, na mke atajua kwamba alipewa kamba tu. Anayemsafirisha kutoka wilaya nyingine atahitaji kibali cha ofisa wa mifugo, na palipo na karantini ya ugonjwa wa midomo na kwato hatapita hata akiwa na kibali. Nunueni mbuzi kule kule atakakoishi.

Wapo wanaoishi mbalimbali: askari wetu, ambao walianza kupelekwa Somalia mwaka 2007, walinzi na watumishi wa nyumbani walio nchi za Ghuba, madereva wa malori wanaokwama mpakani Malaba. Hao hutuma pesa. Anayetuma akumbuke kuongeza ya kutolea. Kwenye shilingi 100,000, ushuru wa serikali wa kutoa pesa ni asilimia 0.5, yaani 500, na juu yake kuna ada ya kampuni. Itumwe kabla ya tarehe 20, kwa sababu tarehe 24 mawakala wengi huishiwa na pesa taslimu na foleni ni ndefu. Tena itumwe mara mbili: ya matumizi peke yake, ya zawadi peke yake, kila moja na ujumbe wake. Zikifika pamoja, zawadi humezwa na mafuta ya kupikia, na aliyetuma anaamini ametoa zawadi ambayo aliyepokea hakuiona.

Wakati wa kupeana nao unahitaji akili. Nguo itolewe kabla ya misa, ivaliwe siku yenyewe. Lakini ya mume na mke itolewe chumbani kwao, ikiwezekana kabla ya kusafiri kwenda kijijini. Ikifunguliwa mbele ya mama mkwe, italinganishwa na leso aliyoletewa yeye, na hilo si kosa lake. Ndivyo binadamu alivyo. Zawadi za wazazi zitolewe hadharani, tena kwanza. Kwenye nyumba ya wake wawili, thamani iwe moja na siku iwe moja, maana bei zitajulikana tu. Na pale mmoja alipo Mwislamu na mwingine Mkristo, jambo la kawaida hapa Busia, wengi hukubaliana kwamba Mkristo hupokea Krismasi na Mwislamu hupokea Idi, kwa kikomo kilekile. Kwa kuwa Idi husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka, tarehe ya akiba ihesabiwe upya.

Nina maombi mawili. La kwanza ni kwa wenyeviti wa vikundi: mgao usogezwe hadi wiki ya mwisho ya Novemba. Inatosha kuanza mzunguko mpya mapema kwa wiki tatu, na wanachama watanunua kabla ya bei kupanda. La pili ni kwako, Mhariri: kuanzia Oktoba chapisha kila wiki bei za kitenge, viatu, mbuzi na nauli za Kampala, Mbale, Arua na Busia, ili watu wawili wakikaa na karatasi yao wawe na namba za kuandika.

Mshauri wa vikundi vya akiba,
Busia, Uganda