Kwa Rehema: ndiyo, bakteria nao hunenepa

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Swali lako kama bakteria nao hunenepa lilinichekesha, ila jibu lake ni ndiyo, tena wengine hupita kiasi. Yupo wa udongoni, Rhodococcus opacus, ambaye mafuta yake yanaweza kuzidi nusu ya uzito wake mkavu.

Usidhani ni ulafi. Hunenepa pale kaboni inapokuwa tele huku naitrojeni imekwisha. Bila naitrojeni hawezi kutengeneza protini wala DNA, basi hawezi kugawanyika, na sukari anayozidi kuimeza haina kazi. Huigeuza kuwa trigliseridi, yaani mafuta yenye asidi tatu za mafuta zilizoshikwa na kiini kiitwacho gliseroli, na kuzihifadhi ndani ya seli katika vitone vyenye utando mwembamba. Hamira nayo huweka akiba ya namna hiyo. E. koli, bakteria wa utumboni aliye kipenzi cha maabara, haweki, ingawa akikutana na asidi za mafuta hula bila kusita.

Njaa ikiingia, vimeng'enya viitwavyo lipasi hubandua asidi za mafuta kutoka kwenye gliseroli. Kisha kila asidi hukatwa kaboni mbili mbili kuanzia ncha moja. Asidi ya palmitiki, yenye kaboni 16, hukatwa mara 7 na kutoa vipande 8 vya asetili-KoA, kila kimoja kikibeba kaboni mbili, na kila mkato huachia elektroni za kutengenezea ATP, sarafu ya nishati ya seli. Kwa hamira ukataji huu wote hufanyika ndani ya peroksisomu, kifuko kidogo cha seli. Kwetu sisi sehemu kubwa hufanyika kwenye mitokondria, vinu vya nishati vya seli.

Lakini utamu uko mbele. Mwili wako hauwezi kujenga sukari kwa vipande hivyo, maana kila kaboni mbili zikiingia kwenye mzunguko wa Krebs, mfululizo wa hatua za seli kuchoma chakula, mbili hutoka kama kaboni dioksidi. Vijidudu wengi wana njia ya mkato, mzunguko wa glaioksileti, uliobainishwa na wanabiokemia Kornberg na Krebs mwaka 1957. Unaziruka hatua hizo mbili za hasara, hivyo kijidudu anaweza kuishi kwa mafuta matupu na bado akajijenga.

Bakteria wa kifua kikuu ni fundi wa jambo hili. Hunyonya mafuta ya seli zetu, huweka yake akiba, kisha anaweza kutulia kwa miaka. Ndiyo maana watafiti wa dawa wamekiandama kimeng'enya cha kwanza cha njia hiyo ya mkato, isositrati liasi, ambacho binadamu hatuna. Kikwazo ni kwamba bakteria huyo anazo aina mbili, na ukizima moja, nyingine hushika zamu.

Nijibu ukipata nafasi.

Wako,
Baraka