Mjomba, rudia dawa zako

Shikamoo Mjomba,

Mama Mdogo ameniambia umeacha dawa za presha tangu Ramadhani. Unasema unajisikia mzima, na kile kidonge cha kukojoza kinakunyima usingizi. Nimeshindwa kunyamaza.

Mwaka 1944 daktari wa moyo alimpima Rais Roosevelt wa Marekani, akakuta presha 186 kwa 108. Dawa ya maana ya kuishusha haikuwapo. Walimpunguzia chumvi, wakamwambia apumzike. Wapo madaktari wa enzi hizo walioamini kwamba mwili wenyewe unaihitaji presha hiyo. Tarehe 12 Aprili 1945 alishika kichwa, akasema kinamuuma sana, akazimia. Presha ilikuwa imefika 300 kwa 190. Alikufa siku hiyohiyo akiwa na miaka 63. Umri wako, Mjomba.

Mwaka 1967 ndipo daktari wa Marekani, Edward Freis, na wenzake wakatoa matokeo ya wanaume 143 wenye presha kali, namba ya chini ikiwa 115 hadi 129. Nusu walipewa dawa, nusu vidonge vitupu. Waliomeza vitupu, 27 walipatwa na makubwa: kiharusi, moyo, figo, macho. Waliomeza dawa, wawili tu! Na mojawapo ya dawa zile ni haidroklorothaiazidi, hiyohiyo inayokuamsha usiku.

Ukishaanguka kwa kiharusi, habari ni nyingine. CT skani, mashine ya kupiga picha ya ndani ya kichwa iliyoanza London mwaka 1971, huonyesha kama mshipa wa ubongo umeziba au umepasuka. Mwaka 1995 ilithibitika kwamba ipo dawa ya kuyeyusha bonge la damu, lakini ilitakiwa mgonjwa adungwe ndani ya saa tatu.

Dada yako tulimfikisha hospitali siku ya pili. Unaikumbuka asubuhi ile: chai ikimchuruzika upande mmoja wa mdomo, kikombe kikamponyoka, nasi tukasema ni upepo mbaya. Dua siilaumu, tungemwombea tukiwa njiani. Mpaka leo mtandio namfunga mimi, mkono wake wa kushoto umelala mapajani.

Jumatatu twende wote kliniki. Kile cha kukojoza tuwaulize kama unaweza kukimeza asubuhi, usiku ulale. Lakini Ijumaa baada ya swala nakuja na mashine ya kupimia. Tafadhali usinywe kahawa kabla sijafika.