Kisiwa kinachokodishwa kwa jozi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme la moyoni kuhusu Unguja, kisiwa nilichokitamani tangu nikiwa darasa la tano na nikakifikia Desemba iliyopita, umri umekwenda, mkoba mgongoni, sina mume wala shoga wa kufuatana naye. Mimi ni mwalimu wa sekondari Morogoro. Nilidunduliza mwaka mzima. Nilikaa siku tisa, saba Unguja na mbili Pemba, na nimerudi na mapenzi na kinyongo ndani ya mkoba uleule.

Kinyongo kilianzia bandarini. Sijamaliza hata kushuka ngazi, kijana mmoja, wale wanaowawinda wageni kuwatafutia teksi na hoteli, ambao wenyeji wenyewe wanawaita mapapasi, akanijia mbio: “Jambo! Jambo, dada!” Sasa Mswahili gani anasalimiwa “jambo” tupu? Hiyo ni salamu ya watalii. Nikamjibu, “Sijambo, mdogo wangu, za hapa?” Akasita. Akautazama mkoba, akavitazama viatu, ndipo akacheka: “Kumbe wa kwetu!” Teksi ya kwenda Nungwi, iliyokuwa dola hamsini sekunde chache kabla, ikawa shilingi elfu themanini. Salamu moja imeniokolea zaidi ya elfu arobaini. Nilifurahi, sikatai. Ila nikiwa natembea kuelekea kituo cha daladala (hata elfu themanini sikuwa nazo za kuchezea) nikaanza kujiuliza: kama bei inashuka kwa kusalimiana tu, bei yenyewe hasa ni ipi?

Daladala ya 116 ndiyo iliyonifikisha Nungwi, na kama kuna kitu kimoja cha safari ile ningekirudia kesho, ni hicho. Lilikuwa gari la mbao, ubavu wazi, mabenchi yanatazamana, paa limeinama kiasi kwamba mtu mrefu anakaa kama anayerukuu. Juu ya paa magunia, ndoo na baiskeli. Utingo, huku kwetu tunamwita konda, aliuchukua mkoba wangu akaurusha juu kabla sijamwambia kitu. Bibi mmoja aliyejitanda kanga ya rangi ya samli akanibana upande wake, akanipa mtoto nimpakate, hajaniuliza hata jina. Tulipofika Mahonda ndipo akauliza: “Peke yako, mwanangu? Huna mtu?” Nikamwambia nina mimi. Akacheka mpaka akajifuta machozi, akanipa embe. Nauli nililipa sawasawa na yeye, kwa shilingi, na chenji nikarudishiwa.

Nungwi mambo yakabadilika. Nyumba ya wageni niliyoingia ilikuwa na chumba cha dola 70. Nikauliza, na kwa mtu mmoja? Binti wa mapokezi akanijibu kwa upole kabisa, “Chumba ni chumba, dada. Kulala peke yako umependa mwenyewe.” Nikamkumbusha kwamba kanuni zilizotoka Machi 2025 zimekataza bidhaa na huduma za ndani ya nchi kutajiwa bei kwa fedha za kigeni. Akatabasamu: “Mwalimu, hiyo bado haijapanda boti.” Alijuaje kuwa mimi ni mwalimu? Pengine ni ule mtindo wangu wa kunukuu kanuni. Nililipa, usiku mmoja.

Chakula cha ufukweni sitakizungumzia sana. Wali na samaki kwa elfu thelathini na tano, mtu anaelewa. Ninachotaka kusema ni kwamba nilihesabu hatua. Kutoka meza ile mpaka kwa mama mmoja anayepika nyuma ya msikiti, ndani ya kijiji, ni hatua mia mbili na kumi na nane. Kwake wali wa nazi, changu wa kupaka na mchuzi wa bilingani ni elfu sita, na akiona umependa anakuongezea ukoko bila kuombwa. Wahudumu wa zile hoteli nao wanakula kwake. Mmoja aliniambia amefanya kazi pwani ile miaka minne na hajawahi kuagiza chochote kwenye orodha anayoigawa kila siku.

Siku iliyofuata, maji yamekupwa, nikaenda kutembea mchangani kuelekea Kendwa. Mbele ya hoteli moja mlinzi akanisimamisha: “Wewe unafanya kazi wapi?” Hakuuliza natoka wapi wala naelekea wapi. Nyuma yangu walipita Wazungu wawili na ndala zao mkononi, akawapungia. Lafudhi yake nikaijua, ni wa kwetu Bara, tena pengine Mluguru mwenzangu. Nilimwambia nimekuja kutembea tu. Akaona haya, akanipisha, akanisindikiza kwa macho mpaka mwisho wa ukuta. Mpaka leo sijui nani kati yetu aliaibika zaidi.

Lakini Mhariri, ughali siulalamikii hivi hivi. Desemba ni msimu wao, na mimi ndiye niliyechagua likizo ya shule. Kisiwa kinaletewa vitu vingi kwa meli, na hata umeme wake unapita kwenye waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Bara. Gharama hizo lazima zimwangukie mtu. Kinachonikera ni kwamba pwani ile yote imepangwa kwa ajili ya wawili wawili au kundi. Chumba ni cha wawili, teksi ni nzima, boti ya kwenda kuogelea kwenye matumbawe ya Mnemba ni nzima, hata safari ya mashamba ya viungo unatajiwa bei ya gari. Mtu mmoja analipa viti vitano avikalie peke yake. Daladala ndiyo iliyobaki kuhesabu vichwa, daladala na serikali: tangu Oktoba 2024 kila mgeni mtu mzima anayetoka nje ya nchi anakata bima ya dola 44, na hajaambiwa aje na mwenzake ndipo akatiwe.

Na kulipia kiti kimoja inawezekana, maana nimeona. Matemwe nilimkuta nahodha mtu mzima, mwenye kofia ya kiua iliyopauka kwa chumvi. Boti nzima kwa laki mbili na nusu. Nikamwambia, “Shikamoo mzee, mimi ni mmoja, na laki mbili na nusu ni karo ya mtu.” Akatazama baharini kidogo, akasema, “Kaa hapo chini ya mkungu. Mpaka saa tatu wakitokea wengine wanne, utalipa elfu hamsini. Wasipotokea, tutakunywa kahawa.” Wakatokea: mtu na mkewe kutoka Mwanza, na vijana wawili wa Poland waliokuwa wanahesabu senti kuliko hata mimi. Tukapanda. Nahodha alipata laki mbili na nusu yake ileile, hakupungukiwa hata shilingi. Sisi tulipata bahari, na yule mama wa Mwanza, ambaye alikuwa hajui kuogelea, alishika boya langu muda wote akipiga kelele za furaha ndani ya maji.

Jambiani nililala kwa mama anayelima mwani. Alfajiri maji yakitoka alikwenda na kamba zake begani, akarudi jua limepanda, vidole vimekunjamana, akanipikia muhogo wa nazi. Kitanda cha besera, chandarua kilichoshonwa kiraka, elfu thelathini. Nilipomwongezea elfu kumi aliirudisha mezani, akasema bei alishanitajia. Sentensi hiyo nimekuja nayo mpaka Morogoro.

Ombi langu kwa Kamisheni ya Utalii, masheha (viongozi wa mitaa wa huko) na vyama vya manahodha ni dogo: kila ufukwe boti zinakotokea kuwe na ubao. Bei ya boti nzima, bei ya kiti, saa ya kuondoka. Kwa shilingi, kwa Kiswahili, na lugha nyingine wanazotaka chini yake. Kila siku tunahimizwa utalii wa ndani, na wengi wa watakaoitika ni watu kama mimi: muuguzi mwenye likizo ya siku kumi, mwanafunzi wa chuo, mjane anayetaka kuona bahari. Hatuna basi la ofisi la kutupeleka.

Pemba nilikwenda mwishoni, fedha zimeshakwisha, na huko ughali haukunisumbua. Mapapasi sikuwaona. Karafuu zilikuwa zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara mpaka ndani ya daladala kunanukia chai. Mjini Chake Chake nilikula pweza na mkate wa ajemi, nikaulizwa habari za mvua ya Morogoro na watu ambao hawajawahi kufika. Nilichotaka ni kuona kisiwa cha Misali. Nikashuka bandari ya Wesha asubuhi, nikamkuta nahodha anashona wavu. Boti nzima, akanitajia bei. Nikamweleza habari ya yule mzee wa Matemwe na mkungu wake. Akasema haina neno, tusubiri.

Tulisubiri mpaka adhana ya alasiri. Hakuja mtu. Akaninunulia kahawa na kashata, akakataa nilipie, akanionyesha Misali kwa kidole, mstari wa kijani juu ya maji.

“Mwakani njoo na wenzako wanne, mwalimu,” akasema.

Nawatafuta.

Mwalimu, Morogoro