Mwanangu, usimpime mtu kwa sura

Mwanangu mpendwa,

Jana uliponipigia simu sauti yako ilijaa furaha, nami nikafurahi pamoja nawe. Ulisema unahama, vitu vingine huna haja ya kuvibeba, tangazo la kuviuza umeliweka asubuhi na kufikia jioni watu watano wameshakuandikia. Kisha ukasema, "Mmoja yuko tayari kabisa, mama. Anaonekana mtu mzuri." Tukaendelea na mazungumzo mengine. Usiku neno hilo likanirudia, nikaamka kukuandikia, kwa sababu mimi nami niliwahi kulisema, na siku hiyo nikapoteza cherehani.

Unaikumbuka ile cherehani ya umeme iliyokuwa karibu na dirisha. Niliwaambia nimempa shangazi yenu. Haikuwa kweli. Niliiuza kwa tangazo kama hilo lako, na sikupata hata senti. Niliona aibu kuwaambia, na aibu hiyo nimekaa nayo peke yangu miaka yote hii. Leo naiweka mezani kwa sababu naona inaweza kukufaa.

Aliyekuja kuinunua alikuja amemshika mkono mtoto mdogo wa kike. Alisalimia kwa adabu. Alikaa, akaijaribu mshono mmoja baada ya mwingine, akauliza huwa naitia mafuta mara ngapi. Nikajiambia moyoni: mwizi gani huuliza habari za mafuta? Tulipokubaliana bei alishika simu yake, akabonyezabonyeza, na mara yangu ikalia. Meseji imeingia: umepokea kiasi hiki kutoka kwa fulani, salio lako jipya ni kiasi hiki. Nikaangalia kiasi, ni kile kile tulichopatana. Nilitaka kuangalia salio, mtandao ukawa unasuasua, naye akasema kwa upole kwamba leo mtandao unasumbua kila mahali. Nikamsaidia kuibeba hadi kwenye gari.

Jioni nilipotaka kuitumia ile pesa nikakuta salio ni lile lile la asubuhi. Ndipo nilipoisoma meseji kwa utulivu. Ilitoka kwenye namba ya kawaida ya mtu, si kwa jina ambalo huduma ile hutumia siku zote. Na lile "salio jipya" halikufanana hata kidogo na pesa niliyokuwa nayo, kwani aliyeiandika hakuwa na njia ya kujua nina kiasi gani. Mengine yote yalinakiliwa herufi kwa herufi. Dalili hizo mbili nilikuwa nazo mkononi wakati yeye bado amesimama mbele yangu. Sikuziona, kwa sababu macho yangu yalikuwa yanamtazama yeye na yule mtoto.

Kwa hiyo nakuomba, usijipe kazi ya kumpima mtu kama ni mwema. Anayeishi kwa utapeli, sura nzuri na maneno laini ndio mtaji wake, na ameyafanyia mazoezi kuliko sisi tulivyofanyia mazoezi kumtambua. Panga mauzo yako kwa namna ambayo hata akiwa tapeli hana pa kupenyea, na akiwa mwaminifu hapotezi chochote. Mtu akitaka kuijaribu baiskeli yako, mkabidhi baada ya pesa yote kuwa mkononi mwako. Akizunguka akarudi akasema haimfai, unamrudishia pesa yake. Asiporudi, umeshauza. Huhitaji kujua moyoni mwake mna nini.

Na kwa upande wa malipo, pesa imeingia pale tu unapoiona ndani ya akaunti yako, umeifungua wewe mwenyewe kwenye simu yako. Picha ya skrini anayokuonyesha si pesa. Meseji si pesa. Barua pepe inayodai malipo "yanashikiliwa" mpaka utume mzigo kwanza si pesa. Mtandao ukisuasua, kitu kinabaki kwako hadi utakapotulia. Akikasirika, mwache akasirike.

Kuna wanaokuja kwa njia nyingine kabisa: wanalipa zaidi. Anakwambia amekosea, ametuma mara mbili ya bei, tafadhali mrudishie ziada upesi kwa sababu ana mgonjwa. Kama alilipa kwa hundi, fahamu kwamba benki huweza kuonyesha pesa ya hundi kwenye akaunti yako kabla hundi yenyewe haijathibitishwa. Ikigundulika kuwa ya kughushi, pengine wiki kadhaa baadaye, benki huikata pesa yote kwako, na ile ziada uliyomrudishia ilikuwa jasho lako. Hata kama uhamisho ni wa kweli, huenda pesa ni ya mtu mwingine ambaye akaunti yake imevamiwa, na mwenyewe akilalamika muamala unafutwa. Mtu akizidisha, aende kwa benki yake au mtandao wake, wairudishe kwa njia ile ile iliyojia. Wewe usitume chochote.

Mimi huanza kushtuka mapema zaidi, kwa mtu asiyeuliza kitu. Hataki kukiona, haombi apunguziwe hata kidogo, ananunua kwa niaba ya ndugu aliye mbali na atatuma dereva aje kuchukua. Mnunuzi wa kweli husumbua. Huuliza mikwaruzo, huomba picha nyingine, hubishana bei hadi unachoka. Mstahimilie huyo.

Kisha kuna ujanja wa namba. Mtu anakuandikia: "Matapeli wamezidi, nataka nihakikishe wewe ni mtu wa kweli. Nimekutumia tarakimu sita, nisomee." Ombi linaonekana la haki, hata unamhurumia kwa hofu yake. Hizo tarakimu sita, mwanangu, ni ufunguo. Wakati huo anajaribu kuingia kwenye akaunti yako, au kufungua mpya kwa namba yako ya simu, na kilichobaki ni wewe umsomee. Usimsomee mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa mfanyakazi wa benki. Na akikutumia kiungo akasema bonyeza hapa uweke namba za kadi yako ndipo upokee malipo, achana naye hapo hapo. Anayepokea pesa haulizwi namba ya siri, wala zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi. Pia mazungumzo yabaki ndani ya mtandao ule ule wenye tangazo, maana ukihama huko unaacha nyuma ushahidi wako.

Sasa lile lililoniondolea usingizi kabisa. Baada ya simu yako nililifungua tangazo. Picha ya tatu, ya kabati la kioo. Kabati limetoka vizuri, linang'aa. Lakini mlango wake mmoja ni kioo, na nilipoikuza picha nikakiona chumba chako kizima: kitanda, televisheni, dirisha na komeo lake, na ukutani ile karatasi uliyoandika ratiba yako ya kazi kwa wino mwekundu. Jumatatu usiku. Jumatano usiku. Siku zote ambazo hayupo mtu nyumbani zinasomeka, kwa mtu yeyote mwenye simu. Nilikaa nikiitazama picha ile kwa muda mrefu.

Iondoe. Piga nyingine mchana, ukiwa umesimama pembeni, nyuma kuwe na ukuta mtupu au shuka umelitundika. Kwenye picha zako zote angalia funguo zilizolala mezani, bahasha yenye anwani, namba ya gari. Kabla ya kupiga, zima huduma ya mahali kwenye kamera, maana simu nyingi huandika ndani ya faili la picha sehemu hasa ilipopigwa. Baadhi ya mitandao huzifuta taarifa hizo unapopandisha picha. Usiitegemee.

Kukutana: mchana, mahali penye watu, na usiende peke yako. Katika miji mingi ya Marekani vituo vya polisi vimetenga sehemu zenye kamera kwa watu wanaouziana vitu walivyotangaza mtandaoni, na mimi hiyo naiona hekima kubwa. Uliza kama huko uliko kuna kitu cha namna hiyo. Kama hakuna, ukumbi wa benki unatosha, tena akilipa taslimu mnaiweka hapo hapo na karani anaikagua noti kwa noti. Mtu aliyekubali benki kisha akaanza kukwambia njoo huku nyuma, njoo kwenye gari, au muda umembana, rudi nyumbani na kitu chako. Kwa kabati haiwezekani, lazima mtu aje. Lishusheni kwanza mpaka karibu na mlango wa nje, yeye asipite vyumbani.

Simu na kompyuta mpakato nakusihi usiviuze wiki hii. Vina maisha yako ndani. Mwaka 2003 watafiti wawili wa chuo cha MIT huko Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha habari ya diski kuu 158, ile sehemu ya kompyuta inayohifadhi kila kitu, walizozinunua zikiwa zimetumika. Diski 129 zilikuwa bado zinafanya kazi, na 12 tu ndizo zilizokuwa zimefutwa sawasawa. Baadhi ya zile nyingine zilikuwa na barua za watu, taarifa za matibabu, na namba za kadi za benki zaidi ya 5,000. Wenyewe wengi wao bila shaka waliamini wamefuta. Ukifuta faili kwa njia ya kawaida, mara nyingi kompyuta hufuta jina lake kwenye orodha tu, kama kuchana ukurasa wa yaliyomo na kukiacha kitabu kizima rafuni.

Hamisha kwanza picha zako na nyaraka zako. Hakikisha usimbaji wa diski, yaani kuigeuza data isisomeke bila ufunguo, umewashwa, kisha rudisha mashine katika hali ya kiwandani ukichagua kufuta kila kitu. Simu nyingi za miaka ya karibuni husimba zenyewe, na ukizirudisha kiwandani ufunguo wa kusomea data hutupwa. Ila toka kwanza kwenye akaunti yako. Tangu 2013 simu za Apple, na tangu 2015 nyingi za Android, zina kufuli linalobaki hata baada ya kufutwa, na mnunuzi atarudi kwako na simu asiyoweza kuiwasha. Toa laini. Toa kadi ya kumbukumbu. Halafu bonyeza *#06#, ile namba ya IMEI, yaani namba ya kuitambulisha simu, yenye tarakimu 15, uiandike pembeni. Isionekane kwenye tangazo. Mnunuzi akitaka kuikagua ili ajue simu si ya wizi, ana haki, muonyeshe mkikutana.

Namba hiyo iingie kwenye hati ya mauziano. Andikeni karatasi mbili: jina lako, jina lake, kitu, namba yake, tarehe, kiasi, na saini zote mbili. Usione haya kumwomba. Simu ile ikifanyiwa uovu mwezi ujao, karatasi hiyo ndiyo itakayosema haikuwa tena mikononi mwako.

Na yeye pia anakuogopa, mwanangu. Kwake wewe ndiye mgeni. Kwa hiyo sema ukweli wote kwenye tangazo: breki ya nyuma ya baiskeli inalia, betri ya kompyuta haimalizi saa mbili, kabati lina mguu uliogongwa msumari. Kitu cha kwanza kuuzwa kwenye mtandao ambao sasa unaitwa eBay, mwaka 1995, kilikuwa kalamu ya leza iliyoharibika. Mwanzilishi wake, Pierre Omidyar, alimwandikia mnunuzi kuhakikisha anajua kwamba ni mbovu. Mnunuzi alijua, naye akaitaka hivyo hivyo. Kasoro iliyosemwa haimfukuzi mteja wako. Iliyofichwa ndiyo inayomrudisha mlangoni kwako na hasira, akiwa tayari anapajua.

Ile kofia ya baiskeli uliyoanguka nayo usiiuze, wala usimpe mtu bure. Kofia ikishapokea pigo moja kubwa haiaminiki tena kulinda kichwa, hata kama kwa nje haina ufa. Ikate kamba ndipo uitupe.

Huyo mtu mzuri wako usimfukuze. Mwandikie leo kwa heshima: mtakutana Jumamosi saa nne asubuhi, ukumbi wa benki, malipo kwanza, na utakuwa na mtu. Akikubali, vizuri. Akianza visababu, wapo wengine wanne.

Kabati msilishushe wawili, litawaumiza mgongo. Mimi na kaka yako tutafika Ijumaa jioni. Na ile picha ya kioo nitaifungua tena usiku huu kabla sijalala, nione kama umeitoa.

Akupendaye,
Mama