Barua kwa dada yangu aliyenipokonya karatasi

Dada,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma hadi nimeukariri. Unaniuliza kama huku Mwanza kuna mtumishi anayeaminika wa kumwombea mtoto, "hali hiyo isije ikamkaa kama ilivyokukaa wewe." Ulikuwa umepiga kwanza, nikaacha simu iite. Sababu unaijua. Kwenye simu huuoni mdomo wangu, kwa hiyo nikikwama kidogo unasema "haloo, haloo, mtandao," kisha unanimalizia neno, na mara nyingi silo nililokuwa nalitafuta. Kwenye maandishi hakuna wa kunimalizia. Nimeiweka barua hadharani kwa sababu wako wengi wenye wadogo zao kama mimi, lakini ni yako wewe.

Mtoto hana pepo. Ana kigugumizi, kama mimi, kama baba mdogo wa Sengerema. Kitu hiki hutembea kwenye ukoo na huwapata zaidi watoto wa kiume, ndiyo maana wewe kilikuruka. Wengi hukianza wakiwa na miaka 2 hadi 5, na wengi wao huachana nacho wenyewe. Wa kwako ameshafika miaka 9, huenda akabaki nacho. Ukipata mtaalamu wa matamshi huko Dar, mpeleke, nami nitachangia. Ninachokukatalia ni kumpeleka akashikwe kichwa.

Maana mimi nilishikwa. Ulikuwepo, umevaa lile gauni la kijani la Pasaka. Wakaniambia nitaje jina la Kristo. K, dada. Katika herufi zote! Nikakwama pale pale ninapokwama kwenye kiti, kuku na kalamu. Shingo ikakaza, macho yakajifumba, na wao wakapaza sauti kwamba kinalikataa Jina. Nilikuwa na miaka 11. Nilirudi nyumbani nikiamini kwamba ndani yangu mna kitu kinachomchukia Mungu, na mimi nilikuwa nampenda.

Nikaishi na imani hiyo hadi utu uzima. Kila nikienda kitubio, baada ya dhambi zangu za kweli, naongeza na hiyo: naungama kigugumizi. Padre mmoja, mzee, alingoja hadi nikaimaliza sentensi nzima. Nilikuwa namsikia akipumua tu upande wa pili. Kisha akauliza, "Hilo la mwisho, umemkosea nani?" Sikuwa na jibu. Akasema basi hana cha kuniondolea hapo. Nilitoka nikakaa nje juu ya jiwe mpaka misa ya pili ikaanza.

Uliwahi kuniambia kwamba kuikubali hali ni kukosa imani. Sijui nani alikufundisha hivyo. Mimi nimeishi na hii K katika mji uliojaa K: Kirumba, Kitangiri, Kamanga, Kisesa. Konda asipotaja kituo, kabla Kirumba haijanitoka gari limeshafika Pasiansi, na narudi kwa miguu. Nimerudi kwa miguu mara nyingi. Siku hizi naliacha neno litoke kwa muda wake, gari zima likinitazama, na konda anangoja. Kwa kunyamaza na kujificha sikupata hata siku moja imani ninayoipata pale nikiwa nimeshika bomba la daladala.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo hatujawahi kulizungumza.

Baba alisema mwenyewe kwamba siku yake nitamsomea mimi. Hakusema wewe. Nilifanya mazoezi jioni 3 pale Mwaloni, magunia ya dagaa yakiwa yameshafungwa na watu wameondoka, nimeelekea ziwani. Kwenye ile karatasi niliweka alama za penseli, vijistari vidogo, kila mahali pa kuvuta pumzi. Nikasimama chini ya turubai, jeneza liko mbele yangu, nikasema "Somo" vizuri kabisa. Kisha "katika". Kisha ilikuwa ije "Kitabu". Maiki ilikuwa karibu mno, ikawa inapeleka ile k, k, k hadi kwa waliokuwa wanapika. Nilijua itafunguka. Ninaijua, dada, nimezaliwa nayo. Ilikuwa inakaribia kufunguka. Ndipo ukaja kutoka upande wa akina mama, ukaishika karatasi kwa juu, ukaivuta, ukawaambia watu, "Mtatuwia radhi, mdogo wangu amezidiwa na msiba."

Sikuwa nimezidiwa na msiba. Nilikuwa nasoma.

Ulisoma bila kukosea, na hukusimama hata kwenye alama moja. Baadaye watu wakawa wananishika bega, "pole, jikaze," wananipa pole ya machozi ambayo sikuyatoa. Laiti ungesema "ana kigugumizi, mngojeni". Ulitafuta uongo mzuri wa kunifunika, na mimi sikuwa uchi.

Na dakika chache baadaye tukasali Baba Yetu, sauti yangu ikatoka bila kukwama popote. Ndivyo ilivyo, nikisema pamoja na wengine, au nikiimba, ulimi hufunguka. Najua ulinisikia, maana uligeuka.

Wewe unapenda Maandiko, basi nikujibu kwayo. Musa alimwambia Mungu kwamba ulimi wake ni mzito. Mungu hakumwambia njoo nikuponye. Alimuuliza ni nani aliyefanya kinywa cha mwanadamu. Katika kitabu chote cha Kutoka sijaona mstari unaosema ulimi ule uligeuka ukawa mwepesi. Alivuka nao bahari. Jirani yangu wa meza pale Mwaloni ni Mwislamu, na kwao Musa ni huyu huyu, anaomba afunguliwe fundo la ulimi ili watu wapate kumwelewa. Nimeipenda hiyo ya kueleweka. Hakuomba asifiwe.

Na Haruni alimzidi Musa miaka 3, kama unavyonizidi. Walisimama mbele ya Farao mmoja ana 80, mwingine 83. Umekuwa Haruni wangu, sikatai. Dukani pale Mabatini mimi nilikuwa naonyesha kidole, wewe unasema kiberiti na nusu kilo ya sukari. Ulimchapa mtoto wa jirani kwa kuniigiza, na baba akakuchapa wewe, na hukumwambia sababu. Imeandikwa kwamba Haruni akimwona mdogo wake atafurahi moyoni, na mimi nikikumbuka ulivyokuwa ukinikimbilia nikitoka shule, mstari huo nausadiki. Lakini Haruni alipewa ayaseme maneno ya Musa, hakupewa kumficha Musa. Na yule msemaji hodari alipoachwa na watu, akawatengenezea ndama. Huenda hilo limezidi, ila naliacha. Kisha fungua Kumbukumbu la Torati. Haruni ameshafariki, na karibu kitabu kizima ni Musa anawahutubia Israeli. Yule yule.

Mimi nami ninalo langu. Ulimi sitautubia tena, lakini kinyongo nimekipeleka kitubio mara 2 na bado narudi nacho. Ile hela yako ya turubai niliikataa nikasema nimeshalipa, na sikuwa nimelipa. Simu zako sikuzipokea. Sikunyamaza kwa hasira, nilinyamaza kwa sababu ndivyo nilivyozoea kunyamaza; lakini najua wewe ulisikia hasira. Na mlipokuja Krismasi, mtoto alikuwa anatafuta neno kachumbari mezani, mdomo umeshaumba ile K, nami nikachukua bakuli nikampa kabla hajamaliza. Mimi, katika watu wote. Alinitazama, akaacha kusema hadi tulipoondoa vyombo. Hilo naliungama.

Desemba tunajengea kaburi, na kutakuwa na misa. Hutangoja kivuko kama tulivyongoja na jeneza pale Kigongo. Daraja limefunguliwa tangu Juni 2025, kilomita 3, utavuka ukiwa umekaa kwenye gari. Somo nitasoma mimi. Sitaki mtu asimame karibu. Ile karatasi uliitia kwenye mkoba wako mweusi. Kama bado ipo, njoo nayo, alama zangu ziko pale.

Jumapili saa 10 jioni nitapiga simu. Mpe mtoto, kisha wewe toka nje, ufunge mlango. Tukikaa kimya muda mrefu usidhani simu imekatika.

Mdogo wako.