Vizawadi vya bethdei visituulie watoto

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani, nashonea Mwanga hapa Kigoma, na nina mtoto anayekaribia miaka mitatu. Naomba nafasi niseme na wazazi wenzangu kuhusu vile vifuko tunavyowagawia watoto wanapoaga kwenye bethdei.

Mwezi uliopita mwanangu alialikwa kwa jirani. Shughuli ilifana, pilau lilitosha, watoto wakacheza mpaka jua likazama. Wakati wa kuondoka kila mmoja akapewa kifuko chake: gololi tatu, maputo mawili, pipi ngumu za mviringo na pete ya plastiki inayowaka taa. Hatujafika hata barabarani, mwanangu akanyamaza ghafla. Hakukohoa, hakulia. Nilipomgeukia mdomo ulikuwa wazi, macho yamemtoka. Mama mmoja aliyekuwa akipita akataka kumtia kidole kooni. Nikamzuia, maana kidole hukisukuma kitu ndani zaidi. Nikamlaza kifudifudi mapajani, kichwa chini, nikampiga kwa kiganja katikati ya mabega. Pigo la nne pipi ikatoka, ya kijani, ikabingirika vumbini. Ndipo akalia. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto kama siku ile.

Jirani yangu simlaumu, vifuko alivinunua vikiwa vimeshafungwa. Lakini usiku nilikaa nikavikagua kimoja kimoja. Ile pete niliifungua kwa ncha ya mkasi tu, haina hata skrubu, na ndani mna betri za saa. Betri ya namna hiyo ikikwama kooni inaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Mtoto akiimeza ni hospitali moja kwa moja, hata kama anacheka. Puto nalo likipasuka, kipande chake hujibandika kwenye njia ya hewa, na kukitoa ni kazi.

Kipimo ninachotumia sasa ni lile bomba la boksi la katikati ya karatasi ya chooni. Kitu kinachopenya humo, aliye chini ya miaka mitatu hapewi. Na tusisahau wakubwa: wa miaka saba anapewa gololi zake halali kabisa, mdogo wake anazikuta kitandani asubuhi. Kwa hiyo wenye shughuli waandike majina kwenye vifuko na kumkabidhi mzazi, si mtoto.

Najua wengi watasema vitu salama ni ghali. Kwangu mabaki ya vitenge yanajaza kiroba kila wiki, na fundi yeyote wa mjini hapa anayo. Kwa bethdei ya mwanangu nimeshona mipira ya kushikwa kwa mikono miwili, nikaijaza vipande vya nguo na kupiga mshono mara mbili. Vifungo na shanga sikuweka, ingawa mipira ingependeza zaidi. Kila mpira utakwenda na kikombe cha plastiki chenye mkono na ndizi mbivu mbili.

Walioalikwa ni kumi. Mpira wa kumi na moja, wa kitenge cha bluu, ni wa kitinda mimba wa yule jirani, ambaye ndiyo kwanza anaanza kutambaa.

Mama na fundi cherehani,
Mwanga, Kigoma